Mtindi Uliokataa Kuganda

Kila asubuhi, kabla ya kuripoti kituoni, Sajenti Machibya Shimba alipitia kwenye dirisha la kiwanda cha Mama Kashindye pale Buzuruga, akabana kofia kwapani na kupokea kikombe cha mtindi baridi. Mtindi ule haukuwa wa kunywa. Ulikuwa wa kukata kwa kijiko, mzito, wenye uchachu wa kumwamsha mtu hata kama alikesha porini akifuata nyayo za ng'ombe wa wizi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, wizi wa mifugo, na alipenda kusema kwamba anayehangaika na ng'ombe mchana kutwa ana haki ya kuianza siku na maziwa yake.

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba viwili na jokofu. Mama Kashindye alikianzisha baada ya kupunguzwa kazini, kiwanda cha maziwa cha serikali kilipouzwa na kila mtu akaambiwa ajitafutie. Dirishani alikaa Modesta, msichana mpole ambaye sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mlio wa upawa wake.

Nyuma ya Machibya kwenye foleni alikuwapo kila siku kijana mrefu aliyevaa koti la buluu la Asubuhi, kiwanda kipya cha maziwa cha Pasiansi. Jina lake Revocatus. Alikuja na kikombe chake mwenyewe, cha bati, cha buluu kama koti. Tangu kipindupindu kipite mjini watu wengi walitembea na vikombe vyao, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Alikunywa amefumba macho, kama mtoto anayepewa klorokwini. Akimaliza nusu, Modesta alimuuliza, "Nikuongezee?" naye akajibu, "Kidogo." Upawa ukazama kwenye ndoo, ukagonga mdomo wa kikombe cha buluu, ukarudi kwenye ndoo. Machibya hakuwahi kuulizwa swali hilo hata siku moja, na jambo hilo lilimkera kidogo.

Asubuhi hiyo ya Jumatano alichukua kikombe chake, akatia kijiko, na kijiko kikazama mpaka kikagonga kitako. Akakiinua. Kilichotiririka kilikuwa chepesi kama maji ya mchele.

"Modesta, leo mmenipa maziwa ya chai?"

Modesta hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake akatokea Mama Kashindye, mikono kiunoni.

"Mwangaluka, Sajenti. Umekuja kama mteja au kama polisi?"

"Nimekuja kama mwenye njaa. Shikamoo mama."

"Marahaba. Basi kuanzia sasa wewe ni polisi. Ingia ndani."

Ndani kulikuwa na ndoo zimepangwa ukutani, na kila moja ilikuwa na maziwa yaliyolala usiku kucha bila kuganda. Mama Kashindye alieleza akipiga kila ndoo teke dogo. Hali hiyo ilianza Jumatatu kwa ndoo moja moja, na leo zote zimekataa. Chachu yake aliirithi kwa mama yake kule Magu, kwenye kibuyu, na haijawahi kumwangusha. Jumamosi masista wa hospitali watakuja kuonja. Wakiridhika, wagonjwa wote watakunywa mtindi wake. Wasiporidhika, watakwenda Asubuhi.

"Na anayeshika chachu hapa ni mmoja tu," alisema. "Na huyo mmoja kila siku anachekeana na mtu wa Asubuhi dirishani. Nina macho mimi."

"Mama, sijaharibu kitu," alisema Modesta, akiiambia sakafu.

"Mpaka Jumamosi asubuhi, Sajenti. Usiponiambia ni nani, nitamwandikisha huyu kituoni kwako, aondoke hapa na jina la mharibifu. Tuone nani atamwajiri Mwanza hii."

Machibya alivuta kigoda akaketi. Mwizi wa ng'ombe au mwizi wa mgando, alianza palepale pa siku zote, kwenye njia.

"Maziwa yanatoka kwa nani?"

"Kwa mzee Ngosha, wa siku zote. Nimeyapima, hayana maji," alisema Mama Kashindye.

"Yanachemshwa?"

"Mpaka yanafurika."

"Halafu?"

Modesta ndiye aliyejibu. Yakipoa anatia chachu, na chachu ya leo anaichota kwenye mtindi wa jana, kabla haujaisha dirishani.

"Kwenye ndoo ileile unayouzia?"

"Ndiyo, afande."

"Umejaribu kutia maziwa haya chachu nyingine?"

Modesta aliitikia kwa kichwa. Jana alibeba bakuli moja akaenda nalo nyumbani, akatia chachu ya jirani. Yameganda vizuri kabisa.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Kashindye alifoka.

"Ulikuwa unanifokea, mama."

Machibya aliinuka. Ikiwa maziwa yanaganda kwa chachu ya jirani, basi maziwa hayana kosa, na mzee Ngosha anaweza kulala usingizi. Mgonjwa ni chachu. Akaomba chupa mbili safi, akajaza moja kwa maziwa yaliyokataa na nyingine kwa chachu kutoka kwenye mtungi uliokuwa nyuma kabisa ya jokofu, ambao Modesta alisema haujafunguliwa tangu Jumapili. Kwenye kioski cha ng'ambo ya barabara alinunua pakiti ya mtindi wa Asubuhi. Kisha akaelekea maabara ya mifugo.

Daktari Awuor alimpokea mlangoni. Alikuwa mama wa makamo kutoka ufukweni huko Mara, mwenye miwani kubwa na utani mwingi kwa Wasukuma. Machibya alikuwa amezoea kumletea masikio na vipande vya ngozi vya ng'ombe wa wizi.

"Safari hii ng'ombe yuko wapi, afande?"

"Safari hii nimeleta maziwa yake tu."

"Msukuma akikosa ng'ombe hata maziwa atayakamata." Alizipokea chupa, akazinusa. "Njoo kesho mchana. Na ulete karanga."

Kesho yake mchana Machibya alifika na karanga. Mezani kulikuwa na sahani ndogo za kioo zenye rojo gumu, na juu ya rojo utando mweupe wa bakteria, laini kama ukungu wa ziwani asubuhi. Lakini kwenye sahani moja utando ule ulikuwa umetoboka matundu mengi ya mviringo, kama nguo iliyoliwa na mende.

"Chachu yako haijarogwa," alisema Awuor. "Ina virusi."

"Bakteria nao wanaugua virusi?"

"Kwa nini wasiugue? Nilichuja maziwa yako yaliyokataa kuganda, bakteria wakabaki juu, virusi vikapita. Nikavidondosha juu ya bakteria wazima wa Mama Kashindye, wale wa mtungini. Kila tundu unaloliona ni mahali kirusi kimoja kilipotua. Kinamtoboa bakteria, kinasukuma DNA yake ndani, na kuanzia hapo bakteria anaacha kazi ya kugandisha maziwa. Anafanya kazi moja tu, kukinakili kirusi. Nakala zikijaa, anapasuka, nazo zinakwenda kwa jirani."

"Hana hata mlinzi?"

"Anaye. Ana kimeng'enya kama mkasi, kinachokata DNA yoyote ya kigeni."

Machibya alitafuna karanga. "Na DNA yake mwenyewe mbona haikatwi?"

Awuor alimtazama juu ya miwani, akafurahi. "Kuna wanafunzi waliomaliza muhula bila kuniuliza hilo. Yake ameipiga chapa. Kimeng'enya cha pili kinapita juu yake, na kila penye mpangilio fulani wa herufi za DNA kinabandika alama ndogo sana, kaboni moja na hidrojeni tatu. Tunaiita methili. Mkasi ukikuta methili unapita salama. Usipoikuta, unakata."

"Na kila ukoo wa bakteria una chapa yake."

"Chapa yake na mkasi wake."

"Basi hapo tumerudi kwenye ng'ombe, Daktari. Unanifundisha kazi yangu."

"Subiri. Kirusi kinaponakiliwa ndani ya bakteria, mpiga chapa wa humo hajui kwamba hiki ni kitu cha wizi. Anakipiga chapa naye, kila nakala inapotengenezwa. Kwa hiyo kirusi kinatoka na chapa ya nyumba kilimozaliwa. Kwa ndugu za nyumba ile kinaingia bila kubishiwa. Kwa ukoo mwingine kinakatwa vipande, isipokuwa kimoja katika maelfu, chenye bahati ya kupigwa chapa mpya kabla mkasi haujakifikia."

Alisogeza sahani mbili mbele yake. Ya kwanza ilikuwa na bakteria wa Mama Kashindye, matundu tele. Ya pili ilikuwa na bakteria aliowatoa kwenye pakiti ya Asubuhi, na virusi vilevile vilidondoshwa hapo. Utando ulikuwa mzima, matundu yakiwa machache ya kutafuta kwa kidole.

Machibya aliacha kutafuna. "Kwa hiyo hivi virusi vina chapa ya Mama Kashindye. Ni vya humohumo ndani."

"Ndivyo sahani zinavyosema."

Hakupenda zilivyosema. Akilini alimwona Modesta akiitazama sakafu, akamsikia Mama Kashindye akisema ya humo ndani yamefanywa na wa humo ndani. Alitoka nje akasimama kwenye ukuta, ziwa likimeta huko chini kati ya mawe, na akawaza habari ya Itilima, miaka ile alipokuwa koplo. Walikuwa wamemtafuta dume mmoja aliyeibiwa, wakakagua zizi zima la mtu mmoja. Ng'ombe wote chapa moja, ya mwenye zizi. Wakaomba radhi wakaondoka. Ni baadaye ndipo alipojua kosa lao: walikagua ndama. Ndama wote walizaliwa palepale, wakapigwa chapa palepale. Baba yao, yule dume wa wizi, alikuwa amefungwa nyuma ya nyumba.

Akarudi ndani upesi.

"Daktari, virusi ulivyovipima vimetoka kwenye ndoo. Vimeshazaliana humo siku tatu."

"Ndiyo."

"Basi umenipimia ndama."

Awuor alivua miwani, akaifuta polepole kwa koti lake jeupe.

"Ni kweli," alisema. "Hata kama kingeingia kirusi kimoja cha kigeni, watoto wake wote wangekuwa na chapa ya Mama Kashindye. Kwenye ndoo hatutajua kamwe. Unatakiwa uniletee baba yao, afande. Kabla hajaingia zizini."

"Nitampata wapi?"

"Mahali palipoguswa na maziwa ya kigeni, lakini hapajaguswa na bakteria wa mama huyo. Maziwa yakikaukia hapo, virusi vinabaki."

Alimpa vijiti vya pamba na vichupa. Machibya alirudi Buzuruga akiwa ndani ya lori la pumba, na njiani kote alikuwa akiuona upawa ukitoka kwenye ndoo, ukigonga mdomo wa kikombe cha buluu, ukirudi kwenye ndoo.

Hata hivyo alifuata utaratibu. Alipangusa kitasa cha mlango, ubao wa dirisha, ndoo ya mzee Ngosha kwa nje, mpini wa upawa. Mama Kashindye alimfuata nyuma akiuliza kama polisi siku hizi wanalipwa kwa kufanya usafi. Jioni, Revocatus alipopita kuuliza kama mtindi umepona, Machibya alimwomba kikombe.

"Cha nini, afande?"

"Kimechafuka chini. Nakupangusia."

Alikigeuza, akapitisha pamba kwenye pete ya kitako na chini ya mkono wa kikombe, mahali ambapo ulimi wala upawa haufiki. Pamba ilitoka na ukoko mkavu wa rangi ya krimu. Revocatus alishukuru kwa adabu, akaondoka akigeuka nyuma mara mbili, wala hakuwa akimtazama Machibya.

Ijumaa jioni sahani zilikuwa tayari. Vijiti vingine vyote havikuwa na kitu, isipokuwa mpini wa upawa uliokuwa na virusi vya nyumbani, kama ndoo. Lakini pamba ya kikombe cha buluu ilikuwa imeugeuza mchezo wote. Kwenye bakteria wa Asubuhi matundu yalikuwa tele mpaka yameungana. Kwenye bakteria wa Mama Kashindye yalikuwa machache, ya kutafuta kwa kidole.

"Baba yao huyo," alisema Awuor. "Amezaliwa Pasiansi, ana chapa ya Pasiansi. Na haya machache ni wale wenye bahati; ndiyo maana kikombe kilikuja siku nyingi kabla ndoo haijaugua. Kitoe kimoja humu, kikuze kwa bakteria wa Mama Kashindye, na watoto wake wote watatoka na chapa yake, sawasawa na wale wa kwenye ndoo."

"Una hakika?"

"Sitaki kukuuzia maneno. Nitakikuza leo, na kesho saa tatu nitakuja mwenyewe na sahani. Nasikia kuna mtindi wa kuonja."

"Mbona Asubuhi wenyewe mtindi wao unaganda?"

"Wao wanafungua pakiti mpya ya chachu kila siku. Virusi vipo vichache, havipati muda wa kuzaliana. Mama yako anachota ya jana kutia ya leo. Amevipa malisho ya kudumu."

Kabla Machibya hajaondoka, Awuor alimwambia jambo moja zaidi: chemsha vyombo vyote, mwaga chachu yote, hata ile ya mtungini, na atumwe mtu Magu akalete chachu ya kile kibuyu kilichobaki huko. Jioni ileile shemeji wa Mama Kashindye alipanda basi la kwenda huko, na akarudi na la mwisho.

Jumamosi asubuhi Modesta alifunua ndoo ya kwanza. Alitia kijiko, kikasimama wima peke yake kama askari wa zamu. Mama Kashindye alikitazama kwa muda, akajifuta jicho kwa upande wa khanga, akasema moshi umemwingia. Jiko lilikuwa halijawashwa.

"Sawa, umeganda," alisema. "Na aliyeniulia ule mwingine?"

Machibya aliweka viti vinne. Awuor alifika na sahani yake ya mwisho, yenye matundu tele kama alivyotabiri. Kisha Revocatus akaja kwenye dirisha, kikombe mkononi, akakuta dirisha limefungwa na mlango uko wazi.

"Ingia, kijana. Keti. Unafanya kazi Asubuhi?"

"Ndiyo, shikamoo afande. Naosha matangi."

"Kikombe hiki unakitumia huko?"

"Nachotea maziwa ya kupima. Nakisuuza lakini."

"Unakisuuza ndani. Chini je?"

Revocatus alikigeuza, akakitazama kama mtu anayekutana na ndugu asiyemjua. Machibya akamweleza taratibu: virusi, chapa, upawa, ndoo. Kadiri alivyoeleza ndivyo kijana alivyozidi kuinama, na Modesta, aliyekuwa amesimama kando ya jokofu, alishika mdomo.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Revocatus.

"Ni kikombe chako. Ninachotaka kujua ni kama ulikileta kwa makusudi."

"Wamemtuma," alisema Mama Kashindye. "Asubuhi wamemtuma, na huyu msichana akawa anampa nafasi. Anamwongezea kila siku. Nani mwingine anaongezewa hapa? Waandikishe wote wawili, Sajenti."

"Modesta hajui chochote," alisema Revocatus haraka.

"Basi nijibu," alisema Machibya. "Kutoka Pasiansi mpaka hapa ni karibu?"

"Si karibu."

"Kiwandani kwenu mtindi upo?"

"Upo."

"Mnauziwa?"

"Tunapewa bure."

Awuor alikohoa ndani ya kiganja. Machibya aliendelea, uso mkavu.

"Kwa hiyo mtu mwenye mtindi wa bure anavuka mji mzima kila siku kununua mtindi. Kwa nini?"

"Nalinganisha ubora."

"Kwa ajili ya nani? Tajiri wako?"

"Hapana. Basi tu, kwa... kwa elimu yangu."

"Unaona?" alisema Mama Kashindye. "Jasusi."

"Kwenye mfuko wa koti una nini?" aliuliza Machibya.

Revocatus alisita, akatoa karatasi iliyokunjwa. Ndani yake kulikuwa na vidonge vyeupe, vikubwa, vya kutafuna.

"Vya nini?"

"Kiungulia."

"Kinakushika lini?"

Kijana alimtazama Modesta, kisha sakafu, kisha kikombe.

"Nikinywa mtindi," alisema.

Nje gari la masista lilisikika likiegesha, mlango ukafunguliwa, ukafungwa.

"Kijana," alisema Machibya, na safari hii sauti yake ilikuwa laini, "sahani za Daktari zimenionyesha kirusi kilikotoka na njia kilimopita. Hazina uwezo wa kunionyesha kwa nini. Hilo unalo wewe tu. Usiposema, Mama ataandikisha kesi, na msichana huyu atabeba jina ambalo si lake. Masista hao wanaingia. Sema."

Revocatus alisimama. Alikuwa mrefu kiasi kwamba kichwa chake kilikaribia kugusa balbu.

"Mtindi siupendi, mama," alimwambia Mama Kashindye. "Tangu utotoni siupendi, hata harufu yake. Nakunywa ili nipate sababu ya kusimama hapo dirishani. Nimekuwa nikija tangu Pasaka kumwambia Modesta kwamba nataka kumwoa, na kila nikifika naona aibu, naishia kusema 'Kidogo.'"

Mikono ya Mama Kashindye iliteremka kutoka kiunoni yenyewe.

"Miaka miwili nakula mtindi hapa," alisema Machibya, akimgeukia Modesta ili kumpa nafasi ya kuvuta pumzi. "Miaka miwili, mteja mwaminifu, wala sijawahi kuongezewa hata kijiko."

Modesta aliuchukua upawa juu ya jokofu, akaushika kwa mikono miwili. Alipoongea, kwa mara ya kwanza tangu Machibya amfahamu, sauti yake ilisikika mpaka kwa masista mlangoni.

"Wewe nilikuwa nakuuzia, afande," alisema. "Huyu nampenda."